Watuhumiwa Wanaopanda Cheo

Noti ya faranga 5,000 ya Rwanda, ya toleo lililotangulia lile la 2024, imechorwa sokwe wa milimani. Pale Gikondo, mtaa wa Kigali, hupita mikono mingi kwa siku moja: kwa muuza ndizi, kwa fundi wa pikipiki, kwa mwenye duka la vipuri, kwa mama anayepima maharage kwa kopo. Wakazi wengi wa Kigali humwona ingagi, kama wanavyomwita sokwe huyo, hapo tu, maana kibali cha kumfuata msituni ni ghali, na mwaka 2017 kilipanda hadi dola 1,500, na fedha ya namna hiyo haikai mfukoni mwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku.

Ni vigumu kueleza mnyama huyo alivyofika kwenye noti bila kumtaja mwanamke wa Kimarekani aliyeuawa kwa panga akiwa na miaka 53. Wanyarwanda walimwita Nyiramacibiri, mwanamke aishiye peke yake mlimani. Pasipoti yake ilisema Dian Fossey. Usiku aliouawa unajulikana, silaha inajulikana, hata njia aliyoingilia muuaji inajulikana, na haikuwa mlango. Kisichojulikana hadi leo ni mkono ulioshika hilo panga. Miaka 40 imepita, na katika muda huo wamejitokeza watuhumiwa wa kila aina, kila mmoja na mtetezi wake, kila mmoja na kitabu chake au filamu yake. Ukiwapanga kwa mwaka waliotajwa, utaona jambo la kuchekesha kidogo: kila anayefuata ana cheo kikubwa kuliko aliyemtangulia.

Kambi yake ya Karisoke ilikuwa kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, kati ya volkano mbili, Karisimbi na Bisoke. Jina lake ni mshono wa majina ya milima hiyo. Fossey aliianzisha tarehe 24 Septemba 1967 kwa mahema, miezi michache baada ya vurugu za Kongo kumtoa Kabara, alikoanzia kazi yake ya kuwachunguza sokwe. Polepole mahema yakageuka vibanda vya mbao vilivyovikwa mabati. Huko juu mvua haikatiki, ukungu huingia hadi ndani ya soksi, na anayelala chini ya bati mvua ikinyesha hasikii hatua za mtu nje.

Asubuhi ya Ijumaa, 27 Desemba 1985, mtumishi wake wa nyumbani alikuta mambo yameharibika, akakimbia kumwita mtafiti pekee wa kigeni aliyekuwa kambini, Mmarekani Wayne McGuire. Ndani vioo vilikuwa vimetapakaa sakafuni na samani zimepinduliwa. Fossey alilala chali karibu na vitanda vyake viwili, uso umepasuliwa kwa mshazari. Kando yake palikuwa na bastola na risasi, kama mtu aliyekuwa akihangaika kuijaza. Panga lilikuwa lake mwenyewe, mojawapo ya yale aliyowanyang'anya majangili na kuyatundika ukutani kama pambo. Pasipoti ilikuwapo, bunduki zilikuwapo, na maelfu ya dola, taslimu na hundi za wasafiri, hayakuguswa.

Halafu kulikuwa na tundu. Mita mbili hivi kutoka ulipolala mwili, ukuta wa bati ulikuwa umekatwa nafasi ya kumtosha mtu kupenya. Waliofuatilia kesi hii wamelirudia sana tundu hilo, kwa sababu lilikatwa mahali ambapo ndani hapakuzibwa na kabati wala rafu. Aliyekata alijua chumba kimepangwa vipi. Kikulacho ki nguoni mwako, angesema mpelelezi yeyote wa Kiswahili, na wapelelezi wa mkoa wa Ruhengeri, ilipokuwa kambi, walifanya kama waliosikia methali hiyo: waliwakamata wafanyakazi wa kambi, wote.

Hapo inafaa kutoka Rwanda kidogo twende London, kwenye kesi iliyoufundisha ulimwengu mchezo huu. Kati ya 31 Agosti na 9 Novemba 1888 wanawake wasiopungua watano waliuawa katika eneo la maskini la Whitechapel, na muuaji, aliyebatizwa jina la Jack the Ripper, hakupatikana. Mtuhumiwa wa kwanza kupigiwa kelele na umati alikuwa John Pizer, fundi viatu Myahudi, mwana wa wahamiaji, aliyeitwa Aproni ya Ngozi kwa vazi la kazi yake. Alikamatwa tarehe 10 Septemba, akaachiwa muda mfupi baadaye. Usiku wa mauaji ya kwanza alikuwa sehemu nyingine ya jiji akitazama moto uliokuwa ukiwaka bandarini, na aliyeweza kumshuhudia alikuwa askari polisi, ambaye Pizer alisimama kumuuliza habari za moto ule.

Hivyo ndivyo ngazi ilivyoanza, na mnyonge wa mtaa akawa kwenye kidato cha chini. Baadaye wakaja madaktari. Kufikia karne ya 20 watunzi wa vitabu walikuwa wamefika ikulu. Mwaka 1976 Stephen Knight alitoa kitabu kinachomhusisha Sir William Gull, daktari wa Malkia Victoria, ingawa mzee huyo alikuwa na miaka 71 wakati wa mauaji na alikwisha kupigwa na kiharusi mwaka mmoja kabla. Mjukuu wa malkia, Prince Albert Victor, naye alitiwa kwenye orodha, na haikuwasumbua wengi kwamba wanawake wawili walipouawa usiku mmoja, tarehe 30 Septemba, yeye alikuwa Scotland na familia yake. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi ya Alice, eti kwa sababu herufi za sentensi zake zikivurugwa na kupangwa upya zinatoa ungamo. Kwa kanuni hiyo hata kitabu cha mapishi kinaweza kupelekwa mahakamani. Mwandishi wa riwaya Patricia Cornwell akaja mwaka 2002 na mchoraji Walter Sickert. Fundi viatu alikuwa ameshasahaulika kitambo.

Kenya nayo ina kesi yake ya aina hii. Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, Josslyn Hay, bwana wa Kiingereza mwenye cheo cha Earl of Erroll, alikutwa amekufa ndani ya gari lake la Buick nje kidogo ya Nairobi, upande wa Karen, risasi nyuma ya sikio na taa za gari zinawaka. Waliomwona kwanza walikuwa Waafrika wa lori la maziwa. Polisi walidhani ni ajali ya barabarani, wakahamisha mwili kabla ya kupiga picha za maana. Aliyeshtakiwa alikuwa Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mke wake kijana, Diana, alikuwa akitembea na marehemu waziwazi, mbele ya macho ya klabu nzima ya Muthaiga. Wakili Harry Morris aliletwa kutoka Afrika Kusini. Akaijenga kesi yake juu ya mifereji iliyochorwa na mtutu kwenye risasi: bastola aina ya Colt, kama zile za Broughton, huacha mifereji sita inayopinda kushoto, na zile risasi zilikuwa na mitano inayopinda kulia. Tarehe 1 Julai 1941 baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimwachia huru. Mwaka uliofuata Broughton alijiua kwa mofini hotelini Liverpool.

Baada yake orodha ilifunguka. Wapo waliomtaja Diana mwenyewe. Wapo waliomtaja Alice de Janzé, Mmarekani tajiri aliyewahi kumpiga risasi mpenzi wake kwenye stesheni ya treni Paris mwaka 1927 kisha akaja kuolewa naye. Mwaka 2000 Errol Trzebinski akapanda hadi juu kabisa: muuaji alikuwa idara ya siri ya Uingereza yenyewe, iliyomwogopa Erroll kwa kuwa miaka ya 1930 alijiunga na chama cha mafashisti. Wale watu wa lori la maziwa walikuwa wa kwanza kufika, na katika maktaba nzima ya vitabu juu ya kesi hii hupewa mistari michache.

Rwanda ilianza kidato kilekile cha chini.

Kati ya wafanyakazi waliokamatwa Karisoke alikuwamo Emmanuel Rwelekana, mfuata nyayo. Kazi hiyo haina jina zuri kwenye karatasi za ofisi, lakini bila yeye na wenzake pasingekuwa na utafiti wowote. Mfuata nyayo ndiye anayejua, kwa kutazama shina la mmea wa igisura lililovunjika, kwamba kundi lilipita jana jioni na si leo asubuhi. Ndiye anayehesabu vitanda vya majani walivyolalia sokwe usiku, na anayeona waya wa mtego wa paa kabla mguu wa mtafiti haujaingia. Rwelekana alikuwa mmoja wa waliomfundisha Fossey msitu, na baadaye Fossey akamfukuza kazi. Wapelelezi waliona hapo sababu ya kutosha. Wenzake wakaachiwa, yeye akabaki. Mwaka 1986 alikutwa amekufa mahabusu, na wakuu wakasema amejinyonga.

Huyu ndiye mtu pekee aliyelipa kwa roho yake katika kesi ya Nyiramacibiri. Hakusimama mahakamani, hakuulizwa swali na wakili, hakuacha neno lililochapishwa. Vitabu vya Kiingereza humpa aya moja, wakati mwingine sentensi moja, kisha vinapanda kidato kinachofuata, ambako kuna mtu mwenye jina linaloweza kuuza.

Kidato hicho ni McGuire. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, na baada ya mazishi alibaki mlimani miezi kadhaa akiendelea na kazi. Julai 1986 aliondoka Rwanda. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza mashtaka dhidi yake, na Desemba, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu kifo, akahukumiwa bila kuwapo: auawe kwa kupigwa risasi. Rwanda na Marekani hazikuwa na mkataba wa kubadilishana wahalifu, kwa hiyo hukumu ikabaki karatasi. Yeye aliwaambia waandishi wa habari kwamba Fossey alikuwa rafiki na mwalimu wake, akayaita mashtaka hayo upuuzi mtupu.

Tuyatazame mashtaka yenyewe. Ilidaiwa kwamba McGuire aliua ili apate muswada wa kitabu cha pili cha Fossey, mwendelezo wa kile cha mwaka 1983 kilichompa umaarufu. Mtu angefanya nini na muswada huo? Angeuchapisha kwa jina la nani? Dunia nzima ilijua kwamba kwenye mlima ule kulikuwa na mwandishi mmoja tu wa kitabu cha namna hiyo, na kwamba ameuawa. Kitabu kama hicho hakijatokea hadi leo. Ushahidi mwingine ulikuwa nywele zilizodaiwa kukutwa mkononi mwa marehemu, zikaelezwa kuwa ni za Mzungu, kana kwamba marehemu mwenyewe alikuwa Mnyarwanda wa Kibungo. Uchunguzi kamili wa maiti haukufanywa.

Kwa nini basi McGuire? Jibu lisilohitaji uchawi ni kwamba alifaa. Serikali ya Rais Habyarimana ilikuwa imeanza kuona sokwe wanaleta watalii na fedha za kigeni. Muuaji Mnyarwanda angekuwa aibu mbele ya wafadhili. Muuaji mgeni, aliyekwisha kupanda ndege, ambaye hatarudi kujitetea, alifunga jalada bila kumkwaza mtu yeyote wa ndani. Waingereza wa mwaka 1888 walitaka muuaji awe mhamiaji kwa sababu hiyohiyo. Wengi walioichambua kesi hii, Wanyarwanda na wageni, hawaiamini hukumu ile. Haikumwacha, hata hivyo: mwaka 2005 alipokuwa amepata kazi serikalini katika jimbo la Nebraska, habari zilifufuka na kazi ikafutwa.

Majangili nao ni lazima wasemwe, kwa kuwa wageni waliwafikiria wao kabla ya yeyote. Fossey alipigana nao vita ya kweli, na si vita safi. Alivunja mitego kwa maelfu, aliteketeza vibanda, aliwachapa waliokamatwa kwa majani ya igisura yanayowasha, alivaa vinyago vya kutisha ili aaminiwe kuwa mchawi. Ng'ombe walioingia hifadhini aliwazuia na hata kuwapiga risasi. Alizungumza na watu wake Kiswahili cha kupapasa, kile cha amri na majina ya vitu, na katika Kiswahili hicho neno sumu lilichukua maana ambayo mtu wa Pwani angeishangaa: hirizi, kago, dawa ya kumdhuru adui. Alipomkamata jangili alimpekua kutafuta sumu yake, na kumnyang'anya sumu kulimtisha mtu kuliko kumnyang'anya mkuki.

Hata sokwe aliwapa majina ya Kiswahili. Macho alikuwa jike mwenye macho makubwa. Mwanawe aliitwa Kweli. Julai 1978 majangili waliliingilia kundi lao, wakamuua Macho na dume kiongozi, Uncle Bert. Kweli, wa miaka mitatu, alipigwa risasi ya bega, akaishi na kidonda miezi mitatu, kisha akafa. Miezi saba kabla, tarehe 31 Desemba 1977, walikuwa wamemuua kwa mikuki dume kijana Digit, aliyependwa na Fossey kuliko wote, wakamkata kichwa na mikono. Taarifa ya kifo chake ilisomwa kwenye televisheni ya taifa Marekani. Baada ya hapo ukali wa Fossey haukuwa na breki.

Kwa hiyo sababu ya kumuua majangili walikuwa nayo tele. Kinachopungua ni mantiki ya usiku ule. Mtu anayeingia msituni siku tatu kwa ajili ya paja la paa akute maelfu ya dola chumbani ayaache? Hapo wenye nadharia ya hirizi huinua mkono: hakuja kwa ajili ya fedha, alikuja kuchukua sumu yake. Ni hadithi tamu, na ina sura ya Afrika ambayo wasomaji wa Ulaya huitarajia. Lakini inamtaka jangili ajue ndani ya chumba palipo wazi, akate bati huku watu wa kambi wamelala jirani, na atumie panga lililokuwa limetundikwa ukutani badala ya lake. Polisi wa London waliposhindwa walimtafuta mtu mwenye kisu na aproni. Hapa akatafutwa mtu mwenye mkuki na hirizi.

Wanyarwanda wenyewe walikuwa na uzoefu wa vifo vya namna hii kabla Fossey hajaijua Afrika. Tarehe 25 Julai 1959 Mwami, yaani mfalme, Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, baada ya kudungwa sindano na daktari Mbelgiji. Mama yake, Malkia Kankazi, hakukubali mwili upasuliwe. Basi maneno yakaenda yalikotaka: Wabelgiji wamemtilia sumu, amejitoa mhanga kwa ajili ya nchi kama wafalme wa zamani, ni mzio wa dawa, ni mshipa wa kichwa. Daktari alitajwa kwanza, baadaye utawala mzima wa kikoloni. Lisemwalo lipo, husema watu wa Pwani, na kama halipo li nyuma laja. Mwili usiopasuliwa huipa methali hiyo nguvu isiyostahili.

Ngazi ya Karisoke ilifika kileleni miaka ya 1990. Protais Zigiranyirazo, aliyefahamika kama Bwana Z, alikuwa shemeji wa Rais Habyarimana na mkuu wa mkoa wa Ruhengeri kuanzia 1974 hadi 1989. Karisoke ilikuwa chini ya mkoa wake, na polisi waliopanda mlima asubuhi ile walikuwa wa mkoa wake. Mwaka 1993 mwandishi Nicholas Gordon alimtaja kitabuni, na wengine wakafuata. Maelezo yao yanatofautiana: dhahabu iliyovushwa kutoka Zaire kwa njia za msituni, biashara ya watoto wa sokwe, mradi wa utalii ambao Fossey aliupinga kwa mdomo mchafu. Wote walielekeza kidole kwenye hoja moja ya tarehe: mapema Desemba 1985 Fossey alikuwa amepata viza ya miaka miwili, baada ya muda mrefu wa kusumbuliwa na viza za miezi michache. Aliyetarajia kumwona akiondoka kwa kunyimwa karatasi alikuwa amepoteza tarajio hilo.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Akazu, yaani kijumba, lile kundi la ndugu na wakwe wa rais, likajulikana duniani kote. Nadharia ambayo mwaka 1993 ilionekana ya kuthubutu ghafla ikaonekana ya kawaida, maana mtu aliyetuhumiwa kushiriki kuangamiza maelfu ya watu hashindwi kuagiza kifo cha mmoja. Zigiranyirazo alikamatwa Brussels mwaka 2001, akashtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda huko Arusha, akahukumiwa miaka 20 Desemba 2008, na Novemba 2009 mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Kifo cha Fossey hakikuwa sehemu ya hati ya mashtaka. Hakuna mahakama iliyowahi kukisikiliza dhidi yake.

Inafaa kusema wazi: kati ya majina yote yaliyotajwa, hili ndilo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulisimamia kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa na uwezo, alikuwa na watu, na upelelezi mbovu wa siku zile ulifanyika chini ya pua yake. Lakini uwezo wa kuua na ushahidi wa kuua ni mambo mawili, na hapa tuna la kwanza tu. Msomaji anayemcheka Stephen Knight kwa kumpeleka daktari wa malkia Whitechapel ajiulize kama haamini kwa sababu ileile: mkubwa mwovu hutosheleza moyo kuliko mtu asiye na jina aliyeingia kwenye tundu la bati.

Nadharia nyingine zipo na zinapita haraka. Kuna waliowashuku watu wa hifadhi waliotaka utalii uendeshwe bila yeye, ambao hawakuwa na sababu ya kuua mtu waliyeweza kumshinda kwa barua na wafadhili. Filamu ya mwaka 1988, Sigourney Weaver akiwa Fossey, ilikwepa swali kwa ustadi: muuaji hana uso. Mwaka 2017 kituo cha National Geographic kilirudi na vipindi vitatu, na swali likaanza upya kwa kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa.

Sokwe wenyewe waliendelea. Hesabu ya mwaka 1981 katika milima ya Virunga ilipata 254. Ile ya 2015 na 2016 ilipata 604, na ukijumlisha na wa msitu wa Bwindi, Uganda, idadi ilitangazwa mwaka 2018 kuwa imevuka elfu. Sherehe ya Kwita Izina, ya kuwapa majina watoto wa sokwe, imefanyika tangu 2005, na kwenye jukwaa lake hupanda mawaziri, wanasoka na waimbaji. Kituo cha utafiti kina kampasi mpya Kinigi, iliyofunguliwa 2022, yenye maabara na ukumbi wa maonyesho ambamo habari za kibanda cha Fossey zinasimuliwa.

Kibanda halisi hakipo. Vita vya miaka ya 1990 vilipita Karisoke zaidi ya mara moja. Kambi iliporwa na kubomolewa, na watafiti wakahamia mjini Ruhengeri, leo Musanze. Kutoka Kigali mtu hupanda basi kituo cha Nyabugogo hadi Musanze, akafika Kinigi, akalipa ada ya kupelekwa kaburini, akapanda mlima kwa saa moja na nusu hadi mbili ikiwa matope si mengi. Juu atakuta jiwe lenye jina la Fossey, kando ya kaburi la Digit, na safu za vibao vya mbao vyenye majina ya sokwe. Fossey alizikwa pale tarehe 31 Desemba 1985, miaka minane kamili baada ya Digit kuuawa.

Rwelekana hana kibao pale. Hatua chache kutoka makaburini, waongozaji huonyesha kwa kidole chumba cha kulala kilipokuwa. Pamebaki mawe ya msingi yenye kuvu, na igisura imeota katikati yake hadi kiunoni, kwa hiyo wageni hunyoosha mikono juu na kupiga picha bila kukaribia.